Homoni za wamama: ugonjwa ambao tuliuombea bila kuujua



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja kijana alikuja kwetu pamoja na mume wake. Walikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Hedhi yake ilikuja mara tatu au nne tu kwa mwaka mzima, na alikuwa ameanza kunyoa kidevu kwa siri, alfajiri, kabla mume hajaamka. Mama mkwe alikuwa amekwisha kusema mbele ya familia kwamba mahari ilitolewa bure. Sisi tulifanya yale ambayo wachungaji wengi wangefanya. Tuliuliza habari za ujana wake, tukauliza kama kuna laana katika ukoo, tukampa siku za kufunga na kuomba. Kuhusu mwili wake hatukuuliza hata swali moja. Aibu ilituzuia, na elimu pia ilikosekana: katika shule ya teolojia tulijifunza Kiyunani na Kiebrania, lakini hakuna aliyetufundisha ovari inafanya kazi gani.

Mtu aliyemsaidia alikuwa muuguzi mmoja anayeimba katika kwaya yetu. Yeye alimwuliza maswali ambayo sisi tuliyaogopa, kisha akamsindikiza kwa daktari. Alirudi na karatasi ambayo juu yake kuliandikwa herufi nne: SOPK. Ndivyo madaktari wetu wanaosoma Kifaransa wanavyofupisha jina la ugonjwa huu. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Mama huyu ametukubalia tusimulie habari yake bila kumtaja jina.

Tangu siku ile tumetafuta kuelewa, na leo tunataka kuwashirikisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata wanawake 10 mpaka 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba mpaka 70 kati ya 100 wenye ugonjwa huu hawajui kama wanao. Hesabuni wamama vijana walioketi kanisani kwenu Jumapili iliyopita, mtaona maana ya hesabu hiyo.

Ugonjwa wenyewe si mpya. Mwaka 1921 huko Ufaransa madaktari wawili, Achard na Thiers, waliandika juu ya kile walichokiita kisukari cha wanawake wenye ndevu. Jina hilo ni baya, linaumiza, lakini walikuwa wameona jambo la kweli: ndevu na sukari zilikuwa zinatembea pamoja. Mwaka 1935 madaktari wengine wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, walieleza habari za wanawake saba waliokosa hedhi na ambao ovari zao zilikuwa kubwa, zenye vifuko vidogo vingi. Kwa miaka mingi watu wakaufahamu kama ugonjwa wa ovari tu, kazi ya daktari wa uzazi. Ilichukua karibu nusu karne mpaka watafiti wa Marekani, katika miaka ya 1980, waonyeshe kwamba wengi wa wanawake hawa wana tatizo la insulini, hata baadhi ya wale ambao si wanene.

Leo kikundi kinachojulikana zaidi katika kazi hii kiko Melbourne, Australia, katika Chuo Kikuu cha Monash. Kinaongozwa na mama mmoja daktari wa homoni, Profesa Helena Teede. Walichofanya ni kukusanya utafiti uliotawanyika kila mahali, kuupima, na kuandika mwongozo mmoja kwa ajili ya dunia nzima. Mwongozo wa kwanza ulitoka mwaka 2018, wa pili mwaka 2023, na huu wa pili una mapendekezo na maelekezo 254. Ulitengenezwa pamoja na mashirika ya madaktari na ya wagonjwa, na watu wa nchi zaidi ya 70 walishiriki. Jambo lililotugusa ni kwamba wanawake wenye ugonjwa wenyewe waliketi mezani na madaktari, wakaulizwa ni nini kinachowasumbua zaidi. Sisi katika mabaraza yetu tunazungumza juu ya wamama tasa kwa saa nzima bila hata mmoja wao kuwa ndani ya chumba.

Sasa tueleze ugonjwa unavyofanya kazi, kwa kadiri tulivyofundishwa na madaktari.

Insulini ni homoni inayofungua mlango wa mwili ili sukari kutoka katika damu iingie na kutumika kama nguvu. Kwa wengi wenye SOPK mlango huo unakuwa mgumu. Mwili unajibu kwa kutengeneza insulini nyingi zaidi, kama mtu anayegonga kwa nguvu kwa sababu haitikiwi. Lakini ovari nazo zinasikia kule kugonga. Insulini ikizidi, ovari zinasukumwa kutengeneza kwa wingi homoni za aina ya kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Pia ini linapunguza kutengeneza kitu kinachozishika homoni hizo katika damu, na hivyo zinabaki huru na kufanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana ndevu zinaota, chunusi hazikomi, na nywele za kichwani kwa wengine zinapungua.

Ndani ya ovari, kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua, na kwa kawaida kimoja kinawashinda wenzake, kinapasuka na kutoa yai. Kwa mwenye SOPK vinaanza vyote, kisha vinasimama njiani. Vinabaki vidogo vidogo, vingi, bila yai kutoka. Hivyo ndivyo ekografi inavyovionyesha. Si uvimbe, wala si vitu vya kukatwa. Ndiyo sababu watafiti wengi wanasema jina la ugonjwa huu linapotosha. Tumesikia wamama waliotishwa kwamba wana «vimbe tumboni» na wakauza mbuzi ili wapate pesa za upasuaji. Kabla ya kuuza mbuzi, tafuta daktari wa pili.

Yai lisipotoka, hedhi haiji kwa mpangilio. Na hapa kuna hatari ambayo wengi hawaifahamu. Ukuta wa ndani wa kizazi unaendelea kuwa mnene miezi na miezi bila kusafishwa, na baada ya miaka mingi unaweza kuzaa kansa. Idadi ya wanaopata kansa hiyo ni ndogo, lakini mwenye SOPK ana hatari kuliko wenzake. Kwa hiyo msichana akisema «mimi nina bahati, sioni siku zangu ila mara mbili kwa mwaka», asichekewe. Tena ugonjwa hauishi kwa kupata mtoto. Unaweza kuleta kisukari cha aina ya pili, kisukari cha wakati wa mimba, na kupanda kwa presha mimba ikiwa kubwa. Mwongozo unataka sukari ipimwe mara ugonjwa unapojulikana, kisha kila baada ya mwaka mmoja mpaka mitatu. Kipimo cha sukari kinapatikana hata katika vituo vyetu vidogo vya afya.

Unajuaje sasa? Kwa mwanamke mtu mzima daktari anatafuta mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili za homoni za kiume kuzidi, zikiwa za kuonekana kwa macho au za damu, na ovari zenye vifuko vingi. Mawili kati ya hayo yanatosha, baada ya daktari kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaofanana, kwa mfano wa tezi ya shingoni. Hii ni habari njema kwa sisi tunaoishi mbali na miji. Kama mama ana hedhi ya kuruka-ruka na ndevu zinaonekana, ekografi si ya lazima. Daktari mwenye masikio anaweza kwenda mbali kuliko mashine. Kuna alama nyingine ambayo wazazi wanaidharau: ngozi ya shingo na ya kwapa inayogeuka nyeusi na nene kama kitambaa cha mahameli. Watoto wa shule wanaambiwa waende kuoga vizuri. Sio uchafu. Mara nyingi ni insulini iliyozidi.

Kwa wasichana tuwe na subira. Mwaka wa kwanza baada ya hedhi kuanza, kutofuata mpangilio ni kawaida. Ikipita miaka mitatu na bado siku zinazidi 35 kati ya hedhi moja na nyingine, au hedhi hazifiki nane kwa mwaka, hapo aonwe na daktari. Na kwa msichana wa umri huo ekografi haitakiwi kutumiwa kumpa jina la ugonjwa, kwa sababu ovari za vijana wengi wenye afya zina vifuko vingi vilevile.

Matibabu yapo, ingawa hakuna dawa ya kuung'oa ugonjwa kabisa. Anayetaka hedhi itengemae anaweza kupewa vidonge vyenye homoni, vilevile vinavyotumiwa kupanga uzazi. Tunajua kwamba baadhi ya wachungaji wenzetu wakisikia binti wa kwaya anameza vidonge hivyo wanamwita mbele ya wazee. Tafadhali, ulizeni kwanza. Kuna pia metformini, dawa ya zamani ya kisukari, ya bei nafuu, inayosaidia mlango ule wa insulini. Kwa anayetafuta mtoto, dawa ya kwanza inayopendekezwa leo inaitwa letrozole, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya kansa ya maziwa. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wanawake 750 wenye SOPK: kati ya waliopewa letrozole, 27.5 kwa 100 walizaa mtoto hai; kati ya waliopewa dawa ya zamani ya clomifene, 19.1 kwa 100. Hizi si dawa za kununua sokoni kwa ushauri wa jirani. Zinahitaji daktari anayefuatilia.

Kuhusu chakula, mwongozo unasema jambo ambalo lilitushangaza: hakuna aina moja ya chakula iliyothibitishwa kushinda nyingine kwa ugonjwa huu. Hivyo anayewauzia chai ya kusafisha ovari anatafuta pesa zenu. Kinachosaidia ni kile kinachoweza kufuatwa miaka yote: sombe, maharagwe na samaki viongezeke katika sahani, bugali upungue kidogo, vinywaji vya sukari viwe vya sikukuu. Na kutembea kwa miguu, ambako wamama wetu wa vijijini hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwongozo wa 2023 unaonya pia kwamba kumdharau mwanamke kwa sababu ya unene kunamdhuru. Insulini yenyewe inachangia kumnenepesha, halafu sisi tunamwambia ni ulafi.

Tuseme wazi: maombi hatujayaacha. Hana alilia hekaluni, na kuhani Eli akamdhania kuwa mlevi. Hatutaki kuwa Eli. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 alikuwa amewaendea waganga wengi, na Yesu hakumkemea kwa kuwaendea. Mwongozo unaagiza hata huzuni na wasiwasi wa moyo vichunguzwe kwa kila mgonjwa wa SOPK, kwa sababu ni vingi kwao kuliko kwa wanawake wengine. Kazi ya kuketi na mtu mwenye huzuni ni yetu, tunaijua, na hapo ndipo kanisa lina kitu cha kutoa. Kumwambia kwamba ana pepo kabla ya kumsikiliza ni kuongeza mzigo.

Tena si kila mama asiyezaa ana SOPK. Kwetu wengi mirija yao imeziba kwa sababu ya magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, au ya uzazi uliokwenda vibaya. Na mara nyingi sana shida iko kwa mume, au kwa wote wawili. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hukutana na shida ya kupata mtoto katika maisha yake, na halikusema mwanamke mmoja kati ya sita. Kipimo cha mbegu za mume ni rahisi na hakina maumivu. Hata hivyo, kwa wanaume wa kanisa letu bado tunawasihi kama watu tunaowapeleka vitani.

Yule mama wa mwanzo alipopata karatasi yake aliomba jambo moja tu. Alitaka twende naye kwa mama mkwe, tukamsomee yale yaliyoandikwa, kwa maana yeye peke yake asingesikilizwa. Tulikwenda Jumamosi moja alasiri. Tulisoma Kifaransa cha daktari, tukakieleza kwa Kiswahili, na tukaomba msamaha kwa zile siku za kufunga tulizompa. Bibi yule alinyamaza muda mrefu. Halafu aliuliza, «Na huyu mwanangu, yeye amepimwa?»

Hakuwa amepimwa. Jumatano iliyofuata alikwenda.