Mashini ya kufula jikoni: fikiri mbele ya kutoa feza

Mama msomaji, na weye pia baba, kwa maana feza inatoka mufuko moja: kama munataka kununua mashini ya kufula, musianze na duka. Muanze na bomba ya maji. Muifungue asubuhi, muifungue saa sita, muifungue tena magaribi. Halafu kwa siku saba muandike saa gani umeme wa SNEL unakuja na saa gani unaenda. Ile karatasi itawachagulia mashini vizuri kuliko muuzaji mwenye maneno matamu.

Ile watu wengi wanatamani ni yenye mulango mbele, na kioo cha kuviringana. Kweli ni nzuri. Inapasha maji moto, inafula, inasuuza, inakamua, yote yenyewe. Kwa kilo 7 za nguo inatumia litre 40 mpaka 60 hivi, ni kidogo. Lakini inataka maji yenye kusukuma. Kama nyumba yako inakunywa kwa tanki, fanya hesabu: mita 10 za urefu zinaleta bar 1. Tanki yenye kukaa mita 2 juu ya mashini inaleta bar 0,2 tu, na mashini nyingi zinaomba bar 0,3 ao 0,5. Itasimama, taa itawaka, na weye utafikiri imekufa. Tena umeme ukikatika katikati ya kazi, mulango unabaki umefungwa na nguo zako ndani ya maji. Kama delestaji ni ya siku mbili, harufu yake utaijua.

Kuko pia zenye kufungulia juu. Zile kubwa zinakunywa litre 100 na kupita. Kwa mama mwenye kuchota maji na bidoni, tusiongee zaidi.

Halafu kuko ile ya mabeseni mawili, moja ya kufulia, moja ya kukamulia. Watu wanaicheka, wanasema ni ya maskini. Mimi ninaona kwa nyumba nyingi za kambi na za site, ndiyo yenye akili. Unaijaza na ndoo. Umeme ukienda, unafungua, unatoa nguo, unamaliza kwa mikono. Haipashi maji moto, kwa hiyo inatumia wati 300 mpaka 600 hivi, na ile ya mulango mbele inafika 2000 wakati wa kupasha. Ubaya wake ni mumoja: lazima mutu asimame pale, ahamishe nguo kutoka beseni hii mpaka ile. Huyu mutu asikuwe kila mara binti anayekosa masomo siku ya kufula. Kijana mwanaume iko na mikono pia.

Sasa tuingie jikoni. Mashini ya kawaida iko na upana wa sentimetre 60, urefu wa 85, uzito wa kilo 60 na zaidi. Pima mulango wa nyumba pia, si nafasi ya ndani tu! Usiichomeke pamoja na resho ya umeme kwa priza moja: wati 2000 na wati 1500 zinafanya karibu ampere 16 kwa volti 220, na priza nyingi za kwetu, zenye waya nyembamba za zamani, zitayeyuka. Waya ya kijani na manjano, ile mafundi wanaita tere, isikatwe hata kama fundi anasema haina kazi. Maji na umeme vinakutana pale, na watoto wanagusa.

Lakini kuko neno kubwa kuliko haya. Baba anarudi kutoka mgodi na salopeti yenye vumbi. Katika mwaka 2009, wachunguzi wa Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti mingi katika mukojo, na watoto walipita wakubwa. Vumbi ile haifai kuingia mahali munapopika bukari. Kama mutu wa nyumba anafanya kazi ya mgodi, ao anachimba kwa mikono, weka mashini kwa barza, si jikoni. Salopeti isikung'utwe ndani. Ifuliwe peke yake, ya mwisho, kisha mashini izungushwe mara moja na maji matupu. Usichanganye kamwe na nguo za mtoto muchanga. Na maji yake usimwagie lengalenga zako.

Ukinunua okazioni, soma kwanza kibao cha nyuma: iandikwe volti 220 ao 240, na Hz 50. Ile ya volti 120 inatoka Marekani, iache. Ingiza mukono, inua ngoma ya ndani juu na chini: ikicheza na kupiga kelele, mabeyaringi yamekwisha. Tazama mupira wa mulango kama haukupasuka. Uliza nani hapa muji anauza vipande vya ile aina. Kama hakuna, bei rahisi ile ni ya uongo.

Ikiwa ni mupya, nyuma kuko vyuma vinne ao vitatu vya kufunga ngoma kwa safari. Vitolewe mbele ya kuwasha. Fundi akivisahau, mashini itaruka jikoni sawa mbuzi aliyefungwa.

Na pasi usiiuze. Nguo ikikauka inje, kuko nzi anayetaga mayai katika kitambaa chenye unyevu, na kile kidudu kinaingia katika ngozi ya mtoto. Mashini haiui yale mayai ya baadaye. Pasi ya moto inayaua, hata kwa chupi na kwa nepi, na kwa mishono zaidi.