Kompyuta Imepita, Daftari la Nyumba Libaki

Kila nyumba ina hesabu, iandikwe au isiandikwe. Kilosa, mkulima huuza ufuta na mahindi kwa msimu, na fedha hiyo hutakiwa imfikishe mavuno mengine. Mikumi, mama lishe wa kando ya barabara kuu ya Iringa hupokea na kutoa fedha kutwa nzima. Wote wawili wana haja moja: kujua kilichoingia, kilichotoka na kinachodaiwa.

Marekani, kazi hiyo ilikabidhiwa kompyuta. Mwaka 1983 Scott Cook na Tom Proulx walianzisha kampuni ya Intuit, baada ya Cook kumsikia mkewe akilalamikia adha ya kulipa ankara za nyumba. Programu yao, Quicken, ilionesha kwenye kioo cha kompyuta mfano wa kitabu cha hundi, na asiyesomea uhasibu akaweza kuitumia. Mwaka 1991 Microsoft ikaja na programu yake, Money. Mwaka 1994 Microsoft ikatangaza kuinunua Intuit yenyewe. Serikali ya Marekani ikapinga mahakamani, na mwaka 1995 mpango huo ukavunjika.

Zama hizo hazikudumu. Benki zilipoanza kuwaonesha wateja hesabu zao kupitia intaneti, wengi hawakuona tena haja ya kuziandika wenyewe. Microsoft iliacha kuuza Money katikati ya mwaka 2009. Mwaka huohuo Intuit ikainunua Mint, huduma ya bure ya intaneti iliyomkusanyia mteja hesabu zake zote mahali pamoja, na mwaka 2016 ikaiuza Quicken. Machi 2024 Mint nayo ikafungwa, na waliokuwa wameitegemea kwa miaka ikawabidi wapakue kumbukumbu zao au wahamie kwingine.

Kwetu, wimbi hilo lilipita mbali. Programu zile zilitaka kompyuta ya nyumbani na kitabu cha hundi, vitu ambavyo nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi hazikuwa navyo. Sisi tulitoka kwenye daftari tukaingia moja kwa moja kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Leo ujumbe wa simu hutaja kiasi, tarehe, jina na salio, na wengi huuona kuwa ndiyo hesabu yao yote.

Lakini simu hujua tu kilichopita ndani yake. Haijui magunia yaliyomo ghalani, sukari na mafuta yaliyochukuliwa dukani kwa mali kauli, ujira wa kibarua ambao haujalipwa, wala amana ya jirani. Tena ujumbe hufutika, simu huibwa, na namba ya siri huenda kaburini pamoja na mwenyewe.

Hapo ndipo familia hupata mtihani. Baba akifariki, madeni yake hulipwa kabla warithi hawajagawana. Yasipoandikwa, mjane na mayatima hubaki njia panda: wamlipe kila ajaye na madai, au wamkatalie huku wakihofia kumwachia marehemu deni shingoni. Wala si bure kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Zaka nayo haiwezi kukadiriwa na asiyejua mali yake ilifikia nisabu lini.

Dawa yake ni daftari la shule lenye sehemu nne: mapato, matumizi, tunayodaiwa na tunayodai. Liandikwe kila jioni, na kila deni liwe na tarehe, kiasi na jina la shahidi. Mume na mke wote walijue linapowekwa. Ujumbe wa simu uwe wa kuthibitisha yaliyoandikwa humo.