Maharage ya saa nane usiku

Wachambuaji maharage wa soko la Mbuyuni, Moshi, karibu wote ni akina mama, ndiyo maana kijana huyu huwezi kumpita. Ungo kaubana kwa magoti. Mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kipande cha khanga, wa kushoto hautulii: njano huku, Lyamungu kule, mawe na yaliyotobolewa chini. Kupepeta hawezi, hilo humwachia mama mwenye gunia, ambaye humwita mangi kila anapomwagia debe jingine.

Lakini kilichoninyima raha ni anachofanya nyumbani kwake Pasua. Maumivu yakimwamsha usiku, huwasha taa na kuchambua kilo mbili tatu, polepole, punje kwa punje. Akimaliza, huyarudisha yote kwenye ndoo, huyakoroga vizuri, kisha huanza upya. Mama yake analalamikia luku.

Alikuwa dereva wa bodaboda. Alipoanguka, kofia ngumu ilikinga kichwa, ila bega liligonga lami na shingo ikavutwa upande wa pili. Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni kwa mizizi mitano, yake iling'oka. Ukimchoma kidole kwa sindano leo, hahisi kitu. Na kiganja hichohicho kisichohisi kinaungua mchana kutwa, usiku kucha, na mara kadhaa kwa siku hupigwa shoti inayomkatisha maneno.

Upasuaji wa mishipa hii huwa na nafasi nzuri zaidi katika miezi 6 ya mwanzo. Yeye miezi hiyo aliimaliza akikandwa kwa maji ya moto, wakingoja ganzi itoke.

Baadaye aliomba mkono ukatwe. Daktari akakataa, na alikuwa na sababu: moto huo haumo mkononi, umo kwenye uti wa mgongo na ubongo, kulikokatika mawasiliano. Mkono ungeondoka, maumivu yangebaki. Panadol na diclofenac hazikumfaa. Akapewa amitriptyline, dawa ya zamani ya sonona, pamoja na carbamazepine. Mama yake aliuliza duka la dawa, akaambiwa ya pili ni ya kifafa, akalia. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba hutumika pia kutuliza mishipa iliyojeruhiwa.

Ujuzi wa ungo aliupata mwenyewe. Redio haitoshi, anasema, kwa sababu redio haikuulizi kitu. Maharage yanakuuliza: hii ni njano au imepauka tu? Hii itaota au imeoza kwa ndani? Akili ikibanwa na maswali hayo, moto unasogea pembeni. Hauzimiki, unasogea. Mwaka 1980 daktari Mwingereza, Wynn Parry, aliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii na kukuta jambo lilelile: wengi walipata nafuu walipozama kwenye kazi. Kijana wetu hajawahi kumsikia.

Sasa ameshauriwa aongeze dozi ya usiku. Amejaribu. Analala, naam, lakini asubuhi anafika sokoni macho mazito, anachanganya Lyamungu na njano, na mama mwenye gunia ameanza kugomba. Akosapo gunia, mchana nao utaungua. Aache kipi, usingizi au ungo? Aliniuliza mimi, nami nikamwambia akamuulize daktari. Alishamuuliza.