Fumua Shati Ndipo Uujue Mshono

Wahenga walionya kwamba mwiga tembo hupasuka msamba. Hata hivyo, darasa la video likipewa kazi ya kikundi ya kuitengeneza upya video ya muziki, tembo ndiye huchaguliwa kwanza. Vijana sita wenye simu mbili na spika moja wanaitaka Thriller ya Michael Jackson, iliyoongozwa na John Landis mwaka 1983: karibu dakika 14 za wafu waliofufuka, vipodozi vya kutisha na kundi zima la wacheza dansi. Wiki ya tatu hawajapata hata nguo.

Methali hiyo haikatazi kuiga. Inakataza kuiga usichokiweza. Kuiga kwenyewe ni shule ya zamani. Mwanagenzi wa ushonaji hupewa shati kuukuu alifumue, na hapo ndipo anapogundua kwamba ndani ya kola mna kitambaa kigumu na kwamba mshono wa bega umesogezwa mbele kidogo. Amevaa mashati tangu utotoni, hayo hakuyajua. Video ya muziki nayo ni shati la namna hiyo. Umeitazama mara mia, hujaifumua hata mara moja.

Kwa kikundi kinachoanza, mimi hupendekeza filamu fupi ya wimbo wa Bob Dylan, Subterranean Homesick Blues. D. A. Pennebaker aliipiga London mwezi Mei 1965, kwenye uchochoro ulio nyuma ya hoteli ya Savoy, na ikawa mwanzo wa filamu yake Dont Look Back ya mwaka 1967. Dylan amesimama na rundo la kadi zenye maneno. Wimbo unapita, yeye anaonyesha kadi na kuidondosha, moja baada ya nyingine. Haimbi. Nyuma yake mshairi Allen Ginsberg anaongea na Bob Neuwirth, rafiki wa Dylan. Picha ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, haina mkato, na haifiki dakika tatu.

Wanafunzi wakiiona husema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Waache waseme.

Kazi huanzia mezani. Kikundi kisikilize wimbo kalamu mkononi, kiandike kila kadi na sekunde inayoanguka. Anayeandika kwa masikio tu atakosea, kwa sababu kadi hazibebi kila neno. Zinaokota baadhi na kuyaacha mengine. Tena nyingine zimeandikwa makosa kwa makusudi. Kuna mahali ambapo sauti inataja dola kumi na moja huku kadi ikionyesha 20. Mtazamaji wa kawaida hupitwa na utani huo. Anayenakili hawezi kupitwa, kwa kuwa lazima aamue aandike nini kwenye karatasi yake. Hapo ndipo anapoelewa kwamba kadi zile si maandishi ya kusaidia viziwi. Ni mchekeshaji wa pili anayemdakiza mwimbaji.

Kisha karatasi zenyewe. Manila nyepesi hupeperushwa na upepo, na mbili zikigandana umeruka neno. Maka peni nyembamba haisomeki kutoka hatua nne. Na kwa kuwa hakuna mkato, kadi ikikosewa kwenye sekunde ya mia moja, wote mnarudi mwanzo: kadi zinaokotwa chini, zinapangwa upya, wimbo unaanza tena. Kikundi kilichoandika namba nyuma ya kila kadi hurudia ndani ya dakika tatu. Kisichoandika hugombana hadi jua linazama.

Simu nayo ina ukaidi wake. Hujipimia mwanga yenyewe, hivyo kadi nyeupe ikiinuliwa, simu hudhani pamekuwa na mwanga mwingi na kuipunguzia mwanga picha nzima. Kadi ikianguka, uso unang'aa tena. Video inapepesa kama taa mbovu. Kwenye simu nyingi dawa ni kubonyeza kioo na kushikilia hadi kipimo cha mwanga kifungwe. Funga kabla wimbo haujaanza, kadi ikiwa tayari mbele ya kamera.

Sasa gawaneni kazi. Mmoja ashike kadi, mmoja kamera, mmoja muziki na kuhesabu, mmoja awe wa kuokota na kupanga, na wawili wasimame nyuma. Hao wawili ndio hudharauliwa. Jaribuni kupiga mara moja bila wao, mtaona uchochoro umegeuka ukuta, picha haina kina. Wakirudi, jicho linapata mahali pa kwenda na kurudi. Na kuongea kwa utulivu mbele ya kamera kana kwamba mwenzako hatupi kadi mbele yako ni uigizaji kamili.

Mahali pia pachaguliwe kwa majaribio. Dylan na wenzake walipiga vilevile kwenye bustani iliyo karibu na hoteli na juu ya paa lake, lakini picha ya uchochoro ndiyo iliyofungua filamu. Nanyi pigeni sehemu mbili, mlinganishe.

Kikundi kilichovuka hapo kinaweza kupanda ngazi ya pili, yaani video yenye midomo inayoimba huku mwili ukienda polepole. Siri yake ni hesabu. Pigeni picha 50 kwa sekunde huku wimbo ukichezwa kwa kasi mara mbili na mwimbaji akiufuata. Mkiionyesha kwa picha 25 kwa sekunde, mwendo unapungua nusu, na midomo inakaa sawasawa na wimbo wa kasi ya kawaida. Chris Martin, mwimbaji wa bendi ya Coldplay, alikwenda mbali zaidi katika The Scientist ya mwaka 2002: alijifunza kuuimba wimbo kinyumenyume, ili filamu ikirudishwa nyuma midomo yake ifuate maneno. Huyo ni tembo mwingine, mtazameni kwanza.

Baada ya kufumua huja kushona. Mwaka 1987 bendi ya INXS ya Australia ilichukua kadi za Dylan ikazitumia kwa wimbo wake Mediate. Mwaka 2003 "Weird Al" Yankovic akaziigiza tena, safari hii kila mstari ukiwa unasomeka sawa ukianzia mbele au nyuma. Wote walijua mshono kabla ya kuubadili. Sisi nasi tuna mtaji wetu: mvaaji wa kanga hufunga mdomo, jina la kanga likamsemea. Kikundi kitakachoweka kanga mahali pa manila hakitakuwa kimeondoka mbali na uchochoro wa London.

Tahadhari moja: wimbo ni mali ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA ya kuisimamia. Kenya ina KECOBO kwa kazi hiyohiyo. Kuonyesha kazi darasani ni jambo moja, kuipandisha YouTube ni jingine, maana mtambo wa mtandao huo huutambua wimbo, na mwenye haki anaweza kuizuia video au kuchukua mapato yake. Ombeni ruhusa kwanza.

Siku ya kusahihisha, mimi huweka video mbili sambamba, ya Pennebaker kushoto na ya kikundi kulia, nikazianzisha pamoja. Kufanana hakunipi la kuuliza. Nasubiri zinapoachana, nasimamisha, namgeukia yule aliyekaa kimya kuliko wote: hapa kwenu kadi imechelewa kuanguka, kwa nini? Akiweza kujibu, alikuwapo.