Uzi Usiotiwa Rangi Hauna Pa Kujificha

Kuanzia Mei, soko la pamba linapofunguliwa, mkulima wa Chato, Kanda ya Ziwa, anayefikisha mzigo kwenye ghala la chama cha ushirika (AMCOS) analijua swali la karani linalomsubiri: hii ni safi au fifi? Pamba safi, yaani daraja A, ni nyeupe, kavu na haina majani. Fifi, daraja B, ni ile iliyonyeshewa ikiwa imeshapasuka shambani, au iliyotiwa madoa na wadudu.

Mama anayefuma vitambaa vya makochi mjini anapaswa kuuliza swali hilohilo anaponunua uzi, hasa akitaka usiotiwa rangi. Rangi ni stara. Uzi wa bluu iliyokoza husitiri doa, uchafu na tofauti ya msimu mmoja na mwingine. Usiotiwa rangi hauna pa kujificha: shamba lilivyokuwa, ndivyo kitambaa kitakavyokuwa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno "nyeupe". Dukani linabeba nyuzi za aina tatu. Uzi ghafi una rangi ya maziwa yaliyoganda, kwa sababu bado umebeba nta ya asili ya pamba. Uliochemshwa umetolewa nta hiyo, lakini rangi yake haijaguswa. Uliopaushwa umepitishwa kwenye dawa hadi ukawa mweupe pe, na mara nyingi umeongezwa king'arishi. Halafu kuna wa nne unaojichanganya humo: akriliki, ambao ni plastiki tupu. Sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa husafirishwa nje kabla haijawa uzi, kwa hiyo usishangae kukuta akriliki dukani, hatua chache kutoka kwenye mashamba ya pamba.

Kanda hii ni ya dhahabu pia, na hakuna anayenunua punje yake bila kuipima. Uzi nao una vipimo, tena vya bei rahisi.

Dondoshea uzi tone la maji. Likikaa juu kama umande kwenye jani la gimbi, huo ni ghafi. Likizama mara moja, umeshachemshwa.

Kata kipande cha kidole kimoja, ukichome juu ya sahani. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na moto wake huelekea kuzimika wenyewe. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu. Ukikuta majivu na punje pamoja, umeuziwa mchanganyiko.

Kisha mwombe wakala wa fedha za simu akuwashie taa yake ya kukagulia noti. Uzi wenye king'arishi utawaka samawati, wakati ghafi utabaki umefifia. Fanya hivi kabla ya kuufua, maana sabuni nyingi za unga nazo zina king'arishi.

Mwisho, fumua ncha uhesabu nyuzi zilizosokotwa pamoja. Uzi wa msokoto mmoja ni laini, lakini huchakaa haraka na hupinda kazi upande. Wa nyuzi tatu au nne zilizokazwa ndio unaofaa kitambaa cha kochi, kinachoegemewa kila siku na kufuliwa mara kwa mara.

Baada ya kuujua uzi, angalia kazi. Kwa kofia ya mtoto mchanga, chagua pamba iliyochemshwa: inanyonya jasho na haina rangi ya kuchuja. Kwa sweta la baridi ya asubuhi, sufu hutunza joto kuliko pamba. Ukikusudia kutia rangi mwenyewe kwa maganda ya vitunguu, achana kabisa na akriliki, kwani haishiki rangi za jikoni. Pamba hushika, ila sharti ichemshwe kwanza, kisha iandaliwe kwa chai kali na shabu. Manjano hushika hata bila shabu, lakini jua huifuta upesi.

Uzi ghafi unaweza kuuchemsha nyumbani. Ufunge vishada vilegevu, uuweke kwenye sufuria pana yenye maji, sabuni na magadi kidogo, uuache uchemke taratibu kwa saa moja. Maji yatageuka rangi ya chai. Hiyo ndiyo nta na uchafu wa shamba. Suuza hadi maji yatoke meupe. Sufu usiitie magadi, itaharibika.

Kosa linalowagharimu wengi ni kununua kidogokidogo. Mvua ya msimu mmoja si ya mwingine, na weupe wa pamba hubadilika nayo. Kitambaa ulichoanza na uzi wa Juni na kukimalizia na wa Desemba kitaonyesha mstari katikati. Nunua kwanza kidonge kimoja cha kujaribia, ufume kipande cha sentimita 15 kwa 15, ukifue, ukianike, ukipime upya uone kimerudi kiasi gani. Ukiridhika, rudi siku hiyohiyo ununue vyote vilivyobaki kwenye fungu lilelile.

Mkulima alishapita mbele ya mizani na macho ya karani. Uzi ukifika mikononi mwako, karani ni wewe.