Pembe za Nzohe Hazidondoki

Nzohe dume wa Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, hubeba pembe zilezile maisha yake yote. Ayala wa madoa wa India na Sri Lanka huangusha zake na kuotesha mpya. Ni rahisi kudhani tofauti hiyo inaletwa na hali ya hewa, kwamba kwetu hakuna majira ya baridi. Hoja inavutia, lakini ayala huyohuyo anaivunja. Anaishi kwenye joto, huzaa karibu mwaka mzima, na madume wa kundi moja hawaendi sambamba: mmoja ana pembe ngumu, mwenzake zake bado zimefunikwa ngozi laini yenye damu, inayolisha mfupa unaokua. Homoni ya kiume ikipanda, ngozi hukauka na kubanduka. Ikishuka, pembe hudondoka. Nzohe naye huzaa mwezi wowote, ila pembe yake ni mfupa hai uliovikwa gamba gumu kama ukucha. Kinachoamua, basi, ni ukoo: nzohe ni jamaa wa ng'ombe, ambaye hakuna mchungaji wa Shinyanga anayemtarajia kuangusha pembe. Mtu atauliza, mbona ya ng'ombe huvunjika? Huvunjika, naam, lakini haioti nyingine kila mwaka.