Adui wa gemu huamka mara moja, mtoto wako je?

Mzazi, kama una mvulana wa kati ya miaka tisa na 16 na unaishi Kisii mjini, Nyamira, Keroka au Ogembo, yamkini unajua mahali anapopotelea jioni. Ni chumba kidogo kando ya kinyozi au duka la simu. Pazia limeteremshwa mlangoni, ndani mna runinga mbili tatu na mashine za PlayStation, na wavulana wamebanana kwenye benchi wakingoja zamu. Hulipa shilingi chache kwa kila mchezo. Wengi hucheza kandanda, lakini wapo wanaopenda gemu za kupigana, na hao ndio ninaotaka tuzungumze juu yao leo.

Sikuja kuzilaani gemu. Nimeketi kuandika kwa sababu ya swali nililoulizwa na mvulana wa miaka 13 katika likizo ya Agosti iliyopita. Mama yake alimleta kliniki asubuhi na mapema kwa bodaboda, akiwa amemshika mabega asianguke. Jioni iliyotangulia, mvulana huyo na binamu zake walikuwa wametoka kwenye gemu, wakafika nyumbani na kuliendeleza pigano uani. Binamu mkubwa alimngoja mwenzake arushe ngumi, kisha akamwahi kwa teke la kichwa, sawasawa na walivyokuwa wakifanya kwenye skrini. Mtoto akaanguka. Hakuzimia, ila alikaa chini ameduwaa. Wenzake wakamtikisa, wakamwinua, wakamwambia ni raundi ya pili. Naye akacheza. Usiku alitapika mara mbili, na asubuhi hakukumbuka kwamba alikula chajio.

"Alikuwa akicheza tu, Daktari," mama aliniambia, kana kwamba anaomba radhi.

Nilipokuwa nikimmulika macho, mvulana akauliza kwa sauti ya chini: "Daktari, mbona yule wa gemu huamka?"

Ni swali zuri, na linastahili jibu kamili.

Jinsi adui anavyolevywa

Ukiketi dakika kumi katika chumba cha gemu utagundua kwamba wavulana hawabonyezi vitufe ovyo. Kuna hesabu yake. Katika Street Fighter II, gemu iliyotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991, mpiganaji akipokea mapigo mengi kwa muda mfupi hulewa. Husimama akiyumba huku nyota au ndege wakimzunguka kichwani, na kwa sekunde chache hawezi kujikinga. Anayemwendesha hutikisa kidhibiti na kubonyeza vitufe kwa kasi ili azinduke upesi.

Katika Tekken, iliyoanza mwaka 1994, pigo huwa kali zaidi likimpata mpinzani wakati yeye mwenyewe anarusha lake. Katika Sekiro, ya mwaka 2019, kila pigo unalopiga na kila pigo unaloliepua kwa wakati unaofaa hujaza mstari unaopima uthabiti wa adui. Ukimpa nafasi ya kupumua, mstari hushuka. Ukimwandama bila kumwachia, mstari hujaa, naye hubaki wazi kwa pigo la mwisho.

Kwa hivyo mtoto hufundishwa mambo matatu: vamia, pima wakati, usimpe mwenzako nafasi ya kupumzika. Kwenye skrini huo ni ustadi, na ustadi huo si wa kubezwa. Mkenya Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, aliutumia katika Tekken hadi mwaka 2018 akasajiliwa na timu ya kulipwa ya Marekani. Nao watafiti Shawn Green na Daphne Bavelier walionyesha mwaka 2003, katika jarida la Nature, kwamba wachezaji wa gemu za mapambano walikuwa na macho mepesi ya kunasa vitu vingi kwa pamoja kuliko wasiocheza. Hata wasiocheza walipofanya mazoezi ya saa moja kila siku kwa siku kumi, waliimarika.

Basi ubaya uko wapi? Uko pale mtoto anapotoka chumbani na kuchukua kanuni za skrini, akaziweka juu ya shingo ya binamu yake.

Kichwani hamna kitufe

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa takriban kilo moja na gramu 400. Ni laini, na umeelea katika maji maalumu ndani ya fuvu gumu. Kichwa kinapopigwa kwa nguvu au kuzungushwa ghafla, fuvu husimama lakini ubongo huendelea kusogea kidogo, ukajinyonga na kuvutika. Chembe zake hupoteza mpangilio wa kemikali na huhitaji nguvu nyingi kuurejesha, wakati ambapo damu inayoleta nguvu hizo huenda imepungua. Hali hiyo ndiyo tunayoiita mtikisiko wa ubongo.

Wazazi wengi hudhani kwamba kama mtoto hakuzimia, hakuumia. Hilo si kweli. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kamwe. Huduwaa, huuliza swali moja mara tatu, huumwa na kichwa, huchukia mwanga na kelele, husahau yaliyotokea, au hukasirika bila sababu. Hata picha ya skani mara nyingi haionyeshi chochote, kwa kuwa kilichoharibika ni utendaji na si umbo.

Adui wa gemu huzinduka kwa sekunde tatu kwa sababu aliyemtengeneza aliandika hivyo. Mtu mzima huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili kupona, na mtoto huweza kuchukua hadi wiki nne. Katika muda huo ubongo uko kama yule adui aliyebaki wazi. Pigo la pili, hata likiwa dogo, laweza kuleta madhara makubwa kuliko la kwanza. Ni nadra, lakini limetokea kwa vijana kwamba ubongo ulivimba ghafla baada ya pigo la pili wakafa. Kwa hiyo kumtikisa mtoto aliyeduwaa na kumrudisha ulingoni ni kumwongezea hatari.

Tunao ushahidi wa uchungu hapa kwetu Kenya. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Julai 1994, baada ya pigano la kulipwa mjini Las Vegas, aliondoka ulingoni akiwa na fahamu zake. Baadaye alizirai, na hakuamka tena. Ikiwa bingwa wa Olimpiki, mwenye refa na daktari kando yake, aliweza kuonekana mzima kisha akaanguka, mtoto aliyepigwa uani asipewe nafasi ya kubahatisha.

Wazee wa Gusii walijua

Watu wa Gusii hawakungoja kufunguliwa kwa hospitali ndipo wajue kwamba pigo la kichwa haliishi siku ile ile. Kwa vizazi vingi walikuwapo wapasuaji wa kienyeji, ababari, ambao mmoja wao huitwa omobari. Walitibu mtu aliyesumbuliwa na maumivu ya kichwa yasiyokwisha baada ya kupigwa au kuanguka. Omobari alipasua ngozi ya kichwa, akaukwangua mfupa polepole kwa chuma, hadi akaufikia utando unaofunika ubongo, akichunga sana asiutoboe. Madaktari waliokuja kuwachunguza waliwakuta watu waliofanyiwa hivyo na wakaishi. Mwaka 1985 jarida la Annals of Plastic Surgery la Marekani lilichapisha makala kuhusu upasuaji huo, na hadi leo Kisii hutajwa katika historia ya upasuaji wa kichwa duniani.

Sisemi haya ili umpeleke mwanao akakwanguliwe fuvu. Leo tuna skani, dawa za usingizi na vyumba safi vya upasuaji, na kidonda cha kichwa kilicho wazi huweza kuingiza viini hadi kwenye ubongo. Nasema ili ukumbuke kwamba wazee wetu, bila vitabu, walifuata mgonjwa wa kichwa kwa miezi baada ya pigo. Sisi wenye hospitali za rufaa Kisii na Nyamira tusiwe wazembe kuliko wao.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mtoto akipigwa kichwani, iwe kwa teke, kwa kuanguka kutoka mti wa parachichi au kwa ajali ya bodaboda, mkalishe, usimtikise, na usimruhusu arudi mchezoni siku hiyo. Ukishuku kwamba shingo imeumia, usimwinue. Mwache alale alivyo hadi msaada ufike. Mpeleke hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya haya:

• anatapika tena na tena;
• maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua;
• anasinzia kupita kiasi au haamshiki;
• mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine;
• anapatwa na degedege;
• mkono au mguu umelegea, au maneno yanamtatiza;
• damu au maji maangavu yanatoka puani au sikioni;
• hakutambui, au hajui aliko.

Ziko damu zinazovuja polepole ndani ya fuvu. Mgonjwa huamka, huongea, huomba uji, kisha baada ya saa kadhaa hulegea. Ndiyo maana twasema mtoto asiachwe peke yake katika saa 24 za kwanza. Si lazima umnyime usingizi ikiwa daktari amemwona na kuridhika, lakini awe karibu na mtu mzima.

Kwa maumivu, mpe paracetamol kwa kipimo cha umri na uzani wake. Usimpe aspirini, ambayo haifai kwa watoto na pia huzuia damu kuganda.

Apumzike nyumbani siku moja au mbili, kisha arudie shughuli zake kidogo kidogo: kwanza matembezi mafupi, halafu masomo, na michezo ya kugongana iwe ya mwisho, baada ya dalili zote kuisha na daktari kukubali.

Na gemu je? Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto akiambiwa apumzike, hupewa simu ili atulie. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuata vijana 125 wa miaka 12 hadi 25 waliopata mtikisiko wa ubongo. Waliokatazwa skrini kwa saa 48 za kwanza walipona kwa muda wa kati wa siku tatu na nusu. Walioruhusiwa walichukua siku nane. Siku mbili bila simu ni bei ndogo kwa faida kubwa namna hiyo.

Mengine ya kuchunga

Wapo watu wachache, wengi wao watoto na vijana, ambao mwanga unaomweka upesi huwaletea kifafa. Desemba 1997 huko Japani, mamia ya watoto walikimbizwa hospitalini baada ya kutazama kipindi cha Pokémon kilichokuwa na mwanga mwekundu na wa samawati uliomweka kwa kasi. Gemu za mapigano zimejaa mimweko. Mtoto akikodoa macho, akikakamaa au akianguka mbele ya skrini, usiseme ni mapepo, mlete apimwe. Chumba kiwe na taa, na mchezaji asiisogelee runinga mno.

Vilevile, tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina ugonjwa wa uraibu wa gemu. Lakini usimpachike mwanao jina hilo haraka. Daktari hutazama kama mtu ameshindwa kujizuia, kama gemu imetangulia mbele ya shule, chakula na usingizi, na kama anaendelea ingawa anaona hasara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12. Mtoto anayecheza saa moja baada ya kumaliza kazi ya shule si mraibu. Anayeiba pesa za unga ili apate zamu anahitaji msaada, si kiboko.

Nawe mwenye chumba cha gemu, nakusihi mambo matatu: watoto wasiingie saa za shule, dirisha lifunguliwe, na wavulana wakianza kurushiana mateke mlangoni, uwatenganishe. Hao ni wateja wako, na pia ni watoto wa majirani zako.

Yule mvulana nilimtuma kupigwa picha ya skani, na kwa bahati njema haikuonyesha damu. Alikaa wiki tatu akiumwa na kichwa kila aliposoma zaidi ya nusu saa, na shule ilipofunguliwa mwalimu wake alikubali apunguziwe kazi. Sasa amepona. Nilimjibu swali lake hivi: yule wa gemu huamka kwa sababu hana ubongo, wewe unao, na hakuna duka linalouza mwingine. Akacheka kidogo, akaniuliza kama anaweza kurudi kucheza. Nikamwambia ndiyo, kwenye skrini. Uani, binamu yako ni binamu yako.

Mzazi, leo jioni muulize mwanao anacheza gemu ipi, kisha muulize kama amewahi kupigwa kichwani akanyamaza. Udongo uwahi ungali maji.